Shajara ya mradi: kaseti za Kisesa na karatasi za pamba

Wiki ya 1, Februari

Ufunguo wa chumba tutakamohifadhi kaseti na karatasi za zamani kwa kompyuta tumekabidhiwa leo asubuhi. Ni chumba kimoja tu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi huku Nyakato, Mwanza, kina dirisha moja na sakafu kavu. Ukavu ndio ulionifanya nilipe kodi ya miezi 6 bila kubembeleza bei. Vyumba viwili nilivyooneshwa kabla, kimoja Igogo na kingine jirani na mwalo wa Kirumba, kuta zake zilikuwa zinatoka jasho, na mimi nimeshaona ukungu unavyoila karatasi kutoka kwenye kona kwenda katikati.

Tuko wanne. Mimi nimetumikia masijala miaka 27. Yupo fundi redio wa Makoroboi, kijana mwenye sikio kali ajabu kwa deki za kaseti. Yupo mwalimu mstaafu kutoka Magu, anayeandika Kisukuma na kukipenda. Na yupo binti wa chuo anayesomea ukutubi. Mshahara hakuna, ni nauli na chakula cha mchana.

Niandike pia kwa nini nimo humu, ili atakayeirithi shajara hii ajue. Miaka mingi iliyopita ofisi niliyokuwa nafanya kazi iliagizwa kusafisha stoo. Stoo ile ilikuwa na majalada ya enzi za utemi, yaani kabla serikali haijafuta utawala wa machifu mwaka 1963, pamoja na barua za wakulima na madaftari ya mizani ya pamba. Hakuna aliyeulizwa. Tulivibeba kwa toroli hadi kwenye shimo nyuma ya jengo. Nasema tulibeba kwa sababu nami nilibeba. Moto ulichukua siku mbili, maana kabrasha lililofungwa kwa kamba haliungui kirahisi: linababuka pembeni, katikati linabaki jeupe. Ilibidi mlinzi aingie na fimbo kuyafumua. Katika kuyafumua, ukurasa mmoja ukapeperuka hadi miguuni pangu. Ilikuwa barua ya mkulima, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, akilalamika kwamba pamba yake aliipima nyumbani ikawa na uzito mmoja, ilipofika kwa mnunuzi ikawa na uzito mwingine. Niliisoma hadi mwisho. Kisha nikairudisha motoni, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa.

Malalamiko ya mizani ya namna hiyo ndiyo yaliyowasukuma wakulima wa Kanda ya Ziwa kuunda vyama vyao, hadi mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho la ushirika la Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Leo kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, inayotaka kumbukumbu za umma zisiteketezwe bila idhini. Wakati ule sikujua hata kwamba ningeweza kuuliza.

Wiki ya 2

Vifaa. Deki mbili za kaseti: moja ya fundi, moja tumeiokota Mlango Mmoja ikiwa haina mkanda wa kuzungushia, fundi ameufunga mwingine. Skana ya kulaza karatasi. Kadi ya sauti. Diski tatu. Betri ya akiba ya kompyuta, maana umeme wa huku tunaujua.

Tumekubaliana viwango na sitaki tuvibadili njiani. Karatasi zinaskaniwa kwa nukta 400 kwa inchi, picha kwa 600, zote katika faili la TIFF. Sauti tunaichukua kwa sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, faili la WAV. Upande mmoja wa kaseti ya saa moja, dakika 30, unakula takriban GB 1. Kutoka kwenye faili hilo kubwa tunatoa nakala ndogo ya MP3 ya MB 14 hivi, ambayo mtu anaweza kuipakua bila kumaliza bando lake. Faili kubwa haliguswi tena. Nakala tatu: moja hapa, moja kwa mwalimu Magu, moja nje ya mkoa kabisa.

Wiki ya 4, Machi

Tumekwenda Kisesa, njia ya Musoma, kwa mama mmoja ambaye baba yake alikuwa ningi. Kwa wasiojua: ningi ni yule ambaye Waswahili wangemwita manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma. Alifariki zamani. Mama yule alitukaribisha vizuri, tukasalimiana, mwalimu akaitikia "mhola" kama mara sita hivi kabla ya mazungumzo kuanza, kisha akatutolea debe la mafuta ya kupikia lililofunikwa kanga. Ndani mna kaseti 38.

Nilitaka kuzichukua pale pale. Mwalimu akanibana mguu chini ya meza.

Mama akasema: "Mtazipeleka wapi?"

Nikamweleza kuhusu chumba, mashine, na mtandao, kwamba hata mjukuu wake aliye Dar es Salaam atasikia sauti ya babu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Walishakuja watu na redio yao wakamrekodi baba. Mimi nilikuwa naleta maji ya kunywa. Waliahidi kuleta kaseti. Hawakurudi."

Sikuwa na jibu. Mwalimu ndiye aliyejibu, kwa Kisukuma, taratibu. Walipomaliza tukawa tumekubaliana hivi: tunaondoka na kaseti 5 tu. Tukizirudisha pamoja na nakala anayoweza kuisikia kwenye simu yake mwenyewe, ndipo tutachukua 5 nyingine. Simu yake ni ya batani, yenye tundu la memori kadi. Nimeiandika hapa kama sharti la kwanza la mradi wote, juu ya viwango vya wiki ya 2.

Njiani nilikuwa nafikiria watu wale wa redio. Huenda hawakuwa na nia mbaya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, wakiwemo Wahaya wa ng'ambo ya ziwa, na kazi yake imehifadhiwa vizuri sana katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Maandishi ya Hans Cory juu ya mila na sheria za Wasukuma yako maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nawashukuru waliovitunza. Lakini kutoka Kisesa hadi Makhanda ni mbali mno kwa mtu anayetaka tu kusikia wimbo wa kwao.

Wiki ya 5

Kaseti ya kwanza. Naiandika kwa kirefu kwa sababu imetufundisha kazi.

Kwa nje ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, wino umefutika, imebaki herufi "B" na nusu ya tarehe. Fundi hakuiweka kwenye deki. Aliinusa kwanza. Harufu ya ukungu. Akaiweka juu ya karatasi nyeupe, akafungua skrubu tano ndogo, akaziweka moja moja katika kisosi, kila skrubu mahali pake kama zilivyokaa. Alipofungua ganda tukaona: kale kakitambaa kanachobana tepu kwenye kichwa cha deki kameng'oka gundi na kulala chini, na pembeni mwa tepu kuna unga mweupe, kama vumbi la muhogo. Ukungu. Tuliufuta kwa brashi laini, nje, upepo ukiwa mgongoni, tumefunga barakoa. Kisha tepu ikahamishiwa kwenye ganda jipya, ikazungushwa kwa penseli hadi mwisho na kurudi, ili isigandane.

Akabonyeza. Sauti ikaja.

Niliposikia kigelegele cha kwanza nilishika mdomo. Wigashe, ule uimbaji wa kukaa, wanawake wanaitikia, mtu mmoja anaongoza, na nyuma kabisa kengele ya ng'ombe. Tulisikiliza dakika 30 bila kuzungumza. Binti wa chuo akaanza kujaza fomu: mwimbaji, ningi wa Kisesa, mtindo, wigashe, hali ya sauti, nzuri.

Mwalimu akasema: "Sauti ni nyembamba mno. Huyu mzee alikuwa na sauti ya dume."

Fundi akarudisha mwanzo, akasikiliza, akaenda mwisho, akasikiliza. Kisha akatueleza. Zamani kijijini redio kaseti ilikuwa ya betri. Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Betri zikichoka, mota inakwenda polepole wakati wa kurekodi. Leo ukiicheza kwenye deki yenye umeme kamili, kila kitu kinakwenda haraka na sauti inapanda. Na kwa kuwa betri zinazidi kuchoka kadiri wimbo unavyoendelea, mwanzo unaweza kuwa sawa na mwisho ukawa umepanda sana. Kama ingerekodiwa kwa umeme wa ukutani, mngurumo wa umeme wenyewe ungebaki kwenye tepu, na huo tunajua ni mizunguko 50 kwa sekunde, ungekuwa kipimo. Betri haziachi alama hiyo.

Kwa hiyo mashine haiwezi kutuambia mwendo sahihi. Tulikaa hapo mpaka saa kumi na mbili tukiliangalia hilo.

Wiki ya 6

Tumempata mzee aliyempigia ngoma ningi huyo. Anaishi Igoma kwa mwanawe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza mimi ni wa nani, nikamtajia, akamkumbuka shangazi yangu. Fundi alikuja na kompyuta na spika moja ya kuchaji. Tulimwekea sehemu ya mwisho ya upande A, ile iliyopanda.

"Huyu ni nani?"

"Mzee, tumeambiwa ni fulani."

"Siye. Huyu mtoto."

Fundi akaipunguza kasi kwa asilimia 3. Mzee akatikisa kichwa. Asilimia 5. Akanyamaza. Ilipofika 6, karibu nusu toni chini, mzee hakusema kitu, lakini kiganja chake kilianza kupiga benchi. Fundi alikuwa ameangalia skrini, mimi nilikuwa nimeangalia mkono. Mkono ulikuwa unakwenda nyuma kidogo ya wimbo, unavuta. Nikamwambia fundi apunguze tena. Kwenye asilimia 7 na nusu mkono na wimbo vikawa kitu kimoja, na mzee akaingia katika kiitikio, akaimba hadi mwisho.

Tuliirudia hatua hiyo katika sehemu nne za upande ule, kila moja na asilimia yake. Katika maelezo ya faili tumeandika: "Mwendo umerekebishwa kwa kumbukumbu ya mpiga ngoma wake." Faili ambalo halijarekebishwa limebaki pia, kama lilivyotoka kwenye tepu, kwa sababu kesho anaweza kutokea mwenye kumbukumbu bora zaidi.

Ijumaa tulirudi Kisesa na kaseti 5 na memori kadi. Mama aliweka kadi kwenye simu yake, akakaa kwenye kigoda, akafunga macho. Dakika ya kumi na moja akainua kidole. "Hicho kigelegele ni cha mama yangu." Tukarudisha. Kigelegele kile kina mkato katikati, kama kinameza pumzi, kisha kinapanda. Mimi nilishakisikia labda mara ishirini na kwangu kilikuwa kigelegele tu. Sasa fomu yetu ina mstari mwingine, wa dakika ya 11, wenye jina lake.

Alitukabidhi debe lote.

Wiki ya 8, Aprili

Mvua kila siku. Tunafanya kazi ya maelezo, maana kuskani karatasi katika hewa hii nyevu sitaki.

Ugomvi wa wiki hii ulikuwa juu ya alama moja. Jina lenye "Ng'wana" limeandikwa na binti kwa kompyuta, mwalimu ameliandika kwa simu. Kwa macho ni lile lile. Ukilitafuta kwenye orodha, unapata nusu ya nyimbo tu. Kumbe simu inaweka kile kipande cha juu kikiwa kimepinda, na kompyuta inakiweka kimenyooka, na kwa programu hizo ni herufi mbili tofauti. Na watumiaji wengi hawataandika alama yoyote, wataandika "ngwana". Tumekata shauri: orodha inaandika kwa alama iliyonyooka, na mahali pa kutafutia panapokea namna zote tatu.

Kubwa kuliko hilo ni irabu. Kisukuma kina irabu saba, na maandishi ya kawaida ya Kiswahili yana tano. Ukiandika Kisukuma kwa tano, maneno mawili tofauti yanakuwa neno moja, na toni, ambayo nayo inabeba maana, haionekani kabisa. Mwalimu anataka irabu saba katika maneno yote ya nyimbo. Binti anasema wasomaji hawajazoea. Nimekubaliana na mwalimu: maneno ya wimbo yaandikwe kwa saba, na majina ya watu yaandikwe kama wenyewe wanavyojiandika.

Wiki ya 10

Umeme ulikatika wakati diski ya kwanza inaandikwa, betri ya akiba ikagoma. Faili 9 zikaharibika. Tusingejua kama si cheksamu: programu inasoma faili zima na kutoa namba ndefu, na ikibadilika hata biti moja, namba inakuwa nyingine. Namba 9 hazikulingana na za diski ya Magu. Tumezirudisha kutoka Magu. Betri mpya imenunuliwa. Basi.

Wiki ya 12, Mei

Mama muuza karanga wa kituo cha Buzuruga ametuletea mfuko. Amekuwa akinunua karatasi za kilo kwa ajili ya kufungia karanga, na kijana wetu alimwomba asikunje za zamani kabla hatujaziona. Nyingi ni mitihani ya shule. Lakini mmetoka kurasa 16 za daftari la mnada wa pamba: jina la mkulima, magunia, uzito, fedha, na mahali pa sahihi pamejaa alama za dole gumba. Wino wa dole gumba haujafifia. Mistari ya dole imesimama, unaweza kuihesabu kwa kioo cha kukuzia.

Hatujui ni la jineri gani, yaani kiwanda gani cha kuchambua pamba. Jalada halipo, na ukurasa ukishatolewa kwenye jalada umepoteza nusu ya maneno yake, hili masijala walitufundisha siku ya kwanza. Tumeziskani kwa mpangilio ule ule zilivyotoka kwenye mfuko, na tumeandika kwamba mpangilio ni wa mfuko. Majina ya wakulima hatujayaweka hadharani. Mwalimu atayasoma kwanza kanisani na msikitini, Magu na Kisesa, aone kama kuna wajukuu.

Tarehe 21 Mei

Leo ni siku ya MV Bukoba. Mwaka 1996 meli ile ilizama asubuhi, Mwanza ikiwa inaonekana, na hesabu rasmi ya waliokufa ni 894. Tulikwenda makaburini Igoma.

Wiki iliyopita baba mmoja alileta picha ya mkewe, moja tu, ya studio, imegandana na kioo cha fremu. Kuibandua kungeng'oa uso. Tumeiskani ikiwa ndani ya kioo chake, fundi akiinamisha taa ili mng'ao usiingie machoni. Tumemchapishia nakala mbili. Alipoulizwa kama iwekwe kwenye orodha ya wazi, alisema hapana, watoto ndio wenye kuamua, nao bado hawajazungumza. Imeandikwa hivyo.

Wiki ya 15, Juni

Siku mbili Ukerewe, kwa meli hadi Nansio. Tulifuata habari za daftari za nyimbo za Kikerewe, hatukuzipata, lakini safari haikupotea bure. Mwalimu alitaka tufike Kagunguli, alikoishi Aniceti Kitereza. Mzee yule alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, naye akafariki 1981. Miaka 35 mswada ulikaa ukimngoja mchapaji, na wakati wote huo ulinusurika mchwa, mvua na moto. Hilo halikutokea lenyewe. Mtu aliamka kila siku akijua uko wapi. Binti wa chuo aliniuliza ningefanya nini kama mswada kama huo ungekuwa kwenye stoo ile ya ofisi yangu. Nilimjibu ukweli.

Wiki ya 16

Bujora, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma. Kila Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, vikundi vya Bagika na Bagalu vinashindana kucheza, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa kwake. Makumbusho ya Wasukuma yako pale pale, kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada. Ndani kuna ngoma za watemi, na kuna maelezo ya namna rika mbalimbali zilivyohesabu moja hadi kumi kila moja kwa maneno yake. Nilisimama hapo muda mrefu. Mtu akitaka kujua kwa nini fomu yetu inauliza rika la mwimbaji, aende akasome ukuta ule.

Tulipata meza ndogo na spika yetu. Hatukuwa na bango la maana. Tulicheza nyimbo za debe la Kisesa, kwa mwendo uliorekebishwa, watu wakaanza kusimama. Wazee watatu walitaja majina ya waitikiaji. Wawili walibishana vikali kuhusu kijiji, tukaandika vijiji vyote viwili na jina la kila msemaji. Vijana hawakuuliza habari ya tovuti hata mmoja. Waliuliza: "Mnarushia?" Wakatoa memori kadi.

Hapo ndipo nilipoelewa njia yetu ilipo. Mwanza yote ina vibanda vya kurushia nyimbo. Kijana ana kompyuta, unampa kadi na shilingi zako, anakujazia. Tumezungumza na vibanda 4, viwili Makoroboi, kimoja Buzuruga na kimoja Kisesa senta. Tumewapa folda moja ya nyimbo 20 ambazo familia zimeridhia kwa maandishi, bure, kwa sharti kwamba jina la faili lisibadilishwe, maana jina hilo limebeba jina la ningi, kijiji na mwaka. Tovuti itakuwepo, na mtu wa mbali aipate huko. Ila kwa Kisesa, mtandao ni kijana wa kibandani.

Kuhusu ridhaa: sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Karibu nyimbo zetu zote bado zina mwenyewe, na mwenyewe ni watoto wake. Hatutoi wimbo kwa sababu tu tumeupata.

Wiki ya 18, Julai

Katika debe kulikuwa na kaseti mbili zisizofanana na nyingine. Mwalimu alizisikiliza dakika mbili, akazima mwenyewe. Ni za Bayeye, wale wacheza nyoka, na si ngoma ya uwanjani. Ni maneno ya dawa, ya waliowekwa ndani ya chama. Binti alisema, na kwa heshima, kwamba kumbukumbu ikifichwa inakufa pia. Nilimwelewa. Kaseti zile zina ukungu na zisingefika mwaka kesho kutwa.

Tulimtafuta mkubwa wao, akaja na mwenzake. Walisikiliza kwa spika za masikioni, mlango ukiwa umefungwa, sisi tukiwa nje tunakunywa chai. Walipotoka walisema: nakala ifanywe, ikae, isisikilizwe na asiye wao, na akija mtoto wao aliyekwisha kuwekwa ndani ya chama, apewe. Fundi alizinakili kaseti zile sauti ikiwa imezimwa, akiangalia tu mawimbi kwenye skrini. Katika orodha ya wazi inaonekana namba na neno moja, "Bayeye", na jina la wa kumwomba. Programu tunayoitazama kwa kazi hiyo ni Mukurtu, iliyoanza kwa Wawarumungu wa Australia walipotaka kila kitu kifunguliwe kwa wanaostahili kukiona kwa desturi zao.

Wiki ya 19

Hesabu: kaseti 38 za debe zote zimeingia kompyutani, 31 zimepata mtu wa kuzitambua. Saba bado ni sauti tu. Mpiga ngoma wa Igoma ameumwa wiki mbili. Nimekwenda kumwona na uji na spika. Amesikiliza mbili, akachoka. Moja ameitambua kwa ngoma, akasema ni ya Ng'ombe kule Sengerema, kisha akajirekebisha: Ng'ombe ni jina la utani la ningi, jina lake la kweli analijua mwanawe.

Mwanawe tumempata kwa simu. Amesema yeye pia ana kaseti, ziko darini, ndani ya mfuko wa saruji, na mvua za masika zilivuja upande ule. Nimemwomba asiufungue wala asiuanike juani. Kesho napanda kivuko cha kwanza cha Kamanga na fundi, na barakoa, na brashi, na kisosi cha skrubu.